Kumi na Wawili wa Chini

Siku ya kwanza kuingia katika karakana ya Despina nilikuwa nimekwenda kugombana. Kwaya yetu ya Wakenya na Wakongomani hufanya mazoezi Jumamosi alasiri katika ukumbi wa kanisa pale Seven Hills, jijini Sydney, upande wa viwandani, na jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa anagonga nyundo tangu sala ya ufunguzi. Mimi ndiye mwalimu wa kwaya. Naitwa Nkatha, muuguzi, mtu wa Meru, na wanaonijua watakwambia kwamba hasira zangu hazipigi hodi. Niliwaacha watu arobaini wamesimama midomo wazi, nikatoka, nikausukuma mlango wa bati wa jirani bila salamu.

Maneno nilikuwa nimeyaandaa njiani. Lakini mbele yangu ilikuwepo merikebu ya mita ishirini, imeegemezwa kwa magogo, mbao zake zimepinda kwa ulaini ambao sikujua mbao zinao. Omoni, sehemu yake ya mbele, palikuwa na macho mawili yaliyochorwa kwa rangi nyeupe na nyeusi, na yalikuwa yananitazama mimi. Mwanamke mwenye mvi, kitambaa kichwani, alishuka ngazini na nyundo yake ya mti.

"Samahani kwa kelele," akasema. "Najua mna mazoezi. Nilidhani nitamaliza mapema."

Mtu akikuomba radhi kabla hujamfokea amekuharibia safari. Nikabaki nimesimama. Nikauliza swali la kijinga: hiyo ni nini?

Ilikuwa merikebu ya Wagiriki wa kale, ya makasia thelathini. Despina alikuwa amefundisha useremala katika sekondari moja ya Bankstown kwa miaka mingi, na alipostaafu akaanza kuijenga. Mwaka huu ulikuwa wa kumi na mmoja. Baba yake alitoka kisiwa cha Kithira akaja Sydney na sanduku moja, akauza samaki maisha yake yote, lakini Despina hakuniambia hayo siku ile. Siku ile alinishika mkono tu akaupeleka kwenye ubavu wa merikebu, akasema, tafuta msumari.

Nilitafuta. Nilipapasa kama ninayetafuta uvimbe kwa mgonjwa. Hakuna.

Wagiriki, akanieleza, hawakuanza na mbavu halafu wakavisha mbao juu yake. Walianza na mbao zenyewe. Ubao uliungwa na ubao wa jirani yake, ukingo kwa ukingo, kwa vipande vya mti mgumu vilivyochomekwa ndani ya unene wa mbao hizo na kufungwa kwa vigingi, maelfu ya vipande, mpaka chombo kizima kikasimama chenyewe. Mbavu, ambazo mafundi wa kwetu pwani huziita mataruma, zilitiwa mwisho. Ngozi kwanza, mifupa baadaye. Nilimwambia hilo haliwezekani. Akacheka, akasema umeliegemea.

Nawaambia ukweli, nilipendezwa hadi nikasahau kilichonileta. Watu wasio na umeme, wasio na gundi ya dukani, wamekaa ufukweni na patasi zao, wanatoboa tundu moja baada ya jingine kwa mwezi, kwa miezi, na kila tundu lazima likutane na mwenzake upande wa pili. Sisi wodini tukipewa kitanda kipya chenye skrubu nane tunaita fundi.

Kisha uso wake ukabadilika. Mwenye karakana alikuwa anaitaka mwisho wa Oktoba, miezi mitano tu mbele. Jumba moja la makumbusho mjini lilikuwa tayari kuipokea merikebu na kuitunza majini, kwa sharti moja: mbele ya mkaguzi, ipigwe makasia mita elfu moja, isimame pale bendera itakaposhushwa, igeuke, irudi ilikoanzia, yote ndani ya dakika ishirini na mbili, bila kasia kuvunjika. Siku ilikuwa imeshapangwa, katika ziwa la mashindano kule Penrith, na ilikuwa siku moja tu. Ikishindikana, hakuna ua wala banda Sydney nzima lililokubali kuweka chombo cha ukubwa ule. Ingekatwa kwa msumeno.

"Na wapiga makasia?" nikauliza.

Walikuwepo, akasema. Vijana wenye misuli kutoka klabu. Walijaribu mara mbili, merikebu ilipopelekwa majini kwa majaribio, wakaondoka. Merikebu hii ina ngazi mbili: kumi na wanane hukaa juu, kumi na wawili hukaa chini yao, ndani ya mbao, na hao wa chini hawaoni maji wala ncha ya kasia lao. Wanaona mgongo wa mtu aliye mbele, basi. Vijana wa klabu wamezoea kutazama. Kule chini makasia yao yaligongana mpaka wakagombana.

"Wanapiga kasia kwa macho," akasema Despina. "Mimi ninahitaji watu wanaopiga kwa masikio."

Wakati huo huo, upande wa pili wa ukuta, kwaya yangu ilichoka kunisubiri. Besi zilianza, alto zikapokea, na miguu arobaini ikaanguka sakafuni kwa pamoja. Despina alifumba macho. Alisikiliza ubeti mzima.

"Hao ni akina nani?"

"Hao," nikasema, na kifua kilinijaa, "ni wangu."

Basi ndivyo watu wa Bungoma, Machakos, Bukavu na Uvira walivyogeuka wapiga makasia wa Ugiriki. Tulianza ukumbini, kwenye mabenchi, na mipini ya ufagio mikononi. Jerotich, mhasibu, hajui kuogelea hata hatua mbili, lakini aliponunua jaketi la kuokolea alilivaa mpaka kwenye mazoezi ya nchi kavu. Wekesa, dereva wa foklifti pale pale Seven Hills, alijitangaza nahodha kila Jumamosi na kila Jumamosi tukampindua. Balagizi, besi wetu mkubwa, mtu wa Bukavu anayepanga mizigo bohari moja na Wekesa, alikaa chini pamoja na wenye mabega. Nyuma yake akakaa Généreuse.

Huyu Généreuse lazima nimweleze. Ni mwanamke mdogo wa mwili, anaishi Bankstown, anafanya kazi ya kulea wazee. Katika kwaya ni alto wa safu ya nyuma. Kwa miaka mitano sijawahi kumpa hata mstari mmoja aimbe peke yake, kwa sababu sauti yake haifiki safu ya tatu ya viti.

Mimi nilisimama shetrini, nyuma kabisa ya merikebu, karibu na Despina aliyeshika usukani. Wapiga makasia hukaa wameupa mgongo uelekeo wa safari, kwa hiyo wa juu wote walinitazama mimi, na wa chini wakanifuata kwa masikio. Kwenye merikebu za kale alikuwepo mtu wa kazi hiyo, wa kutoa mapigo. Nilipoambiwa hivyo sikushangaa. Nani mwingine angekuwa?

Tulipofika majini Penrith, mwezi wa Julai, baridi ikiuma, nilielewa kwa nini wale watu wa kale walitawala bahari. Merikebu haikusukumwa, iliondoka. Makasia thelathini yakiingia pamoja unasikia sauti moja, mbao zote zinaitikia, na mtu anayesimama nyuma anaweza kulia bila aibu. Mapumzikoni Despina alitusimulia mambo ya Athene huku tukinywa chai ya chupa. Alisema wengi waliopiga makasia kule hawakuwa watumwa kama sinema zinavyotuonyesha. Walikuwa raia wa kawaida, watu wasio na shamba wala farasi, na mji ulipookolewa baharini uliokolewa na mikono yao. Walikalia vipande vya ngozi ya kondoo ili wateleze mbele na nyuma kwa kila pigo, na kila mtu alibeba mto wake na kasia lake mwenyewe. Jerotich akauliza kama walikuwa na roster ya zamu. Wekesa akasema lazima, na lazima kuna mtu alikuwa anapiga simu kwamba anaumwa.

Shida yetu ilikuwa moja, na haikuondoka. Tulikuwa tunapiga kwa wimbo aliotunga Balagizi. Beti zake ni za utulivu, mapigo yake yanatosha kabisa kwa makasia. Lakini Balagizi ni Mkongomani, na wimbo wa Mkongomani hauishi bila seben, ile sehemu ya mwisho ambapo maneno yanapungua, mwendo unapanda, na aliyeketi anasimama. Kila tulipofika kwenye seben, merikebu iliparaganyika. Makasia ya chini yaligonga ya juu. Mwezi wa Agosti moja lilivunjika, mpini ukampiga Balagizi ubavuni. Mwezi wa Septemba likavunjika la pili, na Despina akachonga lingine kwa siku tisa bila kutuambia neno baya.

Mimi niliyasema mabaya kwa niaba yake.

"Ninyi watu wa Kongo," nikawaambia gatini, mbele ya wote, "hamuwezi kushika mapigo mamoja kwa dakika tano? Kila kitu lazima kiwe sherehe? Balagizi, wewe ndiye unawakimbiza kule chini!"

Balagizi alikuwa ameshika ubavu wake. "Maman Nkatha, miye sikimbie. Miye ninafuata tu."

"Unafuata nani?"

Akatazama maji. Hakuna aliyenijibu, na mimi nikachukua ukimya ule kuwa ushahidi.

Zikiwa zimebaki wiki mbili, niliamua kummaliza. Despina alikuwa amefunga kamera omoni, inayotazama nyuma, na kila safari aliirekodi. Nilimwomba rekodi ile ya kasia la pili. Alisita. Aliniuliza kama nisingependa kuitazama kwanza sisi wawili tu. Nikamwambia hapana, nataka kwaya nzima ione. Nikaazima projekta ya mchungaji, nikafunga mapazia ya ukumbi, nikawaketisha wote, nikasimama kando ya ukuta na fimbo ya kuonyeshea mkononi. Ndivyo nilivyokuwa tayari kumwaibisha mtu.

Picha ikaanza. Migongo ya wapiga makasia, na mbele yao, nyuma kabisa, Despina usukanini na, kando yake, mtoa mapigo: mimi. Wimbo ulikwenda vizuri. Beti tatu, makasia yanaingia na kutoka kama mkono mmoja. Kisha seben ikakaribia, na nikamwona yule mwanamke wa kwenye ukuta anaanza kutabasamu. Mabega yake yakaanza kucheza. Mkono wake ukapanda kabla ya wakati, ukashuka kabla ya wakati, ukapanda tena mapema zaidi. Macho ameyafumba. Watu thelathini wanahangaika kumfikia, kasia la Balagizi likiwa la mwisho kuongeza kasi, na yeye anazidi kukimbia, ametekwa na raha yake mwenyewe.

"Aki Nkatha," Wekesa akasema polepole gizani, "manze hiyo ni wewe."

Kitu kingine pia kilionekana. Mkono wangu ulipoanza tu kukimbia, kasia moja la chini upande wa kushoto lilitoka majini likabaki juu, linasubiri. Halikumgonga mtu. Katika vurugu yote lilisimama pale, limetulia, mpaka sote tukaharibikiwa. Lilikuwa kasia la Généreuse.

Nikawasha taa. "Mlikuwa mnajua?"

Wakatazama viatu vyao. Walikuwa wanajua. Wakenya kwa Wakongomani, wote, tangu Julai. Watu thelathini waliona afadhali makasia yavunjike kuliko kuniambia mimi kwamba ninakosea. Nilisikia aibu ambayo sikuwa nimeisikia tangu utotoni, ile inayochoma masikio. Niliacha fimbo mezani, nikaingia garini, nikaendesha hadi nyumbani Penrith bila kuwasha redio.

Siku tatu sikupokea simu za mtu. Siku ya nne nilikuwa zamu, tunamgeuza mgonjwa kitandani, mimi upande huu na msaidizi kijana upande ule. Kazi hiyo hufanywa kwa kuhesabu, na kwa mwendo ule ule, hata kama mnataka kumaliza, hata kama kengele nyingine inalia. Msaidizi akaharakisha. Nikafungua mdomo kumfokea, halafu nikaufunga. Nilijiuliza ni nani katika kwaya yangu anafanya kazi hii kila siku, mara ishirini kwa siku, na hajawahi kumwangusha mtu.

Jioni nikachukua treni hadi Bankstown. Généreuse alinifungulia mlango akiwa bado na sare ya kazi. Alinikaribisha, akaweka sahani ya pondu, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa, na wali mbele yangu kabla sijasema neno. Nikasema kabla sijala, kwa sababu ningekula ningeghairi.

"Wewe ndiye utatoa mapigo."

"Miye?" Akacheka, kisha akaona sicheki. "Na hii sauti yangu? Maman Nkatha, batu hawatanisikia."

"Watanyamaza ili wakusikie. Mimi walinisikia bila kunyamaza, na umeona."

Akanisogezea kijiko. "Na weye utakaa wapi?"

"Kwako. Chini."

"Hauyapigaka hata siku moja kasia."

"Nina siku kumi."

Siku kumi zile viganja vyangu vilichubuka vikatoka damu, nikavaa glavu mbili kazini juu ya plasta. Mbele ya kwaya nzima nilimwomba Balagizi msamaha, kwa jina lake, kwa kila neno nililomwambia gatini. Alisema hakuna shida. Kisha akaniambia nisishike kasia kama ninayemkaba mtu shingo, nililegeze, na akakaa na mimi saa nzima akinionyesha jinsi kishwara, ile kamba inayolishikilia kasia kwenye kigingi chake, inavyofanya nusu ya kazi ukiiachia.

Siku ya mkaguzi kulikuwa na upepo kutoka magharibi. Nilishuka kwenye nafasi yangu, nikaweka ngozi ya kondoo, nikaketi. Kulikuwa na joto, harufu ya utomvu na ya jasho. Magoti ya Jerotich yalikuwa juu ya bega langu, naye amejifunga jaketi lake la kuokolea. Tundu la kasia lilikuwa limezungushiwa mfuko wa ngozi usiopitisha maji, kwa hiyo hata mwanga wa pale haukuwa wangu. Nilikuwa na mgongo wa Balagizi, shati lake la buluu, basi.

Généreuse hakuanza kwa kuimba. Aligonga ubao wa shetri kwa kisigino. Pigo moja, akangoja, pigo la pili. Na hapa ndipo mafundi wale waliokufa zamani walinifanya nisisimke: lile pigo lilipita ndani ya mbao, kutoka ubao hadi ubao, kupitia kila kiungo, likanifikia makalioni kabla ya masikioni. Merikebu nzima ilikuwa kipande kimoja, na kipande hicho kilikuwa kinatuambia lini. Hawakuijenga hivyo ili isivuje tu, niliwaza. Au hata kama hawakuwaza hilo, walitupatia.

Kisha sauti yake ikaingia, ndogo, safi. Watu thelathini walinyamazisha hadi pumzi zao.

Tukaondoka. Ubeti wa kwanza, wa pili. Sikujua tuko wapi. Nilisikia Despina akisema neno moja kwa mkaguzi aliyeketi kando yake, nikasikia mtu akiita kwamba bendera imeshushwa, kisigino kikagonga mara mbili, makasia yote yakaingia majini yakakaza, na merikebu ikasimama kama aliyefika mlangoni kwake. Tukageuka, upande mmoja ukivuta, mwingine ukisukuma. Upepo sasa ulikuwa usoni mwa merikebu. Kasia lilikuwa zito mara mbili.

Halafu ikaja seben. Généreuse hakuikata. Aliiacha ipande, sauti juu ya sauti, Wekesa akipiga miluzi huko juu, besi zikinguruma mbele yangu, na kisigino chake kikabaki pale pale. Mikono yangu ilitaka kukimbia. Mungu anajua jinsi ilivyotaka. Kila kitu ndani yangu kilisema sasa, sasa, na mgongo wa Balagizi ukasema bado. Nikaufuata ule mgongo. Ukienda, nikaenda. Ukingoja, nikangoja. Nililia machozi ya kweli, ya furaha na ya uchungu pamoja, na hakuna aliyeyaona.

Niliwaza juu ya wale watu wasio na shamba. Mtu ameketi gizani namna hii, vita viko nje ya ubao, haoni adui, haoni mji wake, haoni kama anashinda au anazama. Ana mgongo wa jirani na pigo. Na kwa hayo mawili tu anauokoa mji. Mimi miezi mitatu nilisimama juu, nikiona kila kitu, na nilichofanya ni kuvunja makasia.

Kisigino kikagonga mara mbili. Tukakaza. Merikebu ikasimama, ikatikisika kidogo, ikatulia.

Maji yalidondoka kutoka kwenye makasia. Balagizi akageuka kwa mara ya kwanza, uso wake umelowa kama wangu.

"Maman Nkatha," akanong'ona, "tulifika?"

"Sijui, ndugu yangu," nikamwambia. "Na mimi sioni."

Tukakaa hivyo, kumi na wawili, tumeshika makasia yetu, hakuna aliyethubutu kuachia. Kisha huko juu Jerotich akapiga kigelegele, wengine wakampokea, na Despina akaanza kulia kwa sauti, ndipo sisi wa chini tukajua.